Vuta, Futa, na Kiswahili Chetu cha Garissa

Jumamosi, Garissa. Joto na vumbi.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule unaoingia hata ndani ya kopo la sukari. Nimefunga madirisha, nikayafungua, nikayafunga tena. Nje, makorongo wamejikunyata juu ya migunga kama watu waliokuja kutoa rambirambi wakakosa mwenye nyumba. Mwili hauna raha. Moyo nao umejaa, na sijui niuweke wapi.

Leo nilikuwa na wasichana wangu wa darasa la kompyuta. Tulikuwa tunajifunza kuandika programu fupi, ile ya kujumlisha namba na kutoa jibu, na mmoja wao, Hamdi, akainua mkono. Akauliza kwa nini kompyuta haijui Kiswahili, kwa nini kila amri lazima iwe ya Kizungu. Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba iliwahi kujua. Hapa hapa mjini, kabla hawajazaliwa.

Waliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mzee anayesema simba walikuwa wakinywa maji pale sokoni.

Muda ukaisha, nikawaachia waende. Lakini nimerudi nyumbani na hadithi yote iko kooni. Mume wangu amelala, wajukuu wako kwa mama yao. Basi naiandika hapa.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya zile mvua za Elnino zilizokata barabara na kutufanya kisiwa. Nilikuwa nimetoka chuo Nairobi na cheti cha kompyuta, na nikapata kazi ya kwanza ya maisha yangu katika mradi wa chanjo ya mifugo. Ofisi ilikuwa nyumba ya mawe upande wa barabara iendayo darajani. Kompyuta ilikuwa moja, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na kila jioni niliifunika kwa leso ya mama yangu ili vumbi lisiile. Umeme ulipokatika, na siku zile ulikatika utakavyo, tulitoka nje kunywa chai ya maziwa ya ngamia na kusubiri. Hakuna aliyekasirika. Nadhani hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi, kwamba tulijua kusubiri.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza habari za chanjo. Wahudumu wa mifugo walitoka malishoni na karatasi zao: mbuzi wa nani, wako kisima gani, wangapi wamechanjwa homa ya mapafu, wangapi wamekufa. Mimi niliziandika ndani ya mashine. Halafu wakitaka kujua kitu, walisimama mbele ya meza yangu na kuningoja niulize kwa niaba yao, maana mashine ilisikia amri za Kiingereza tu, tena Kiingereza kilichopinda.

Kisha akaja Athman.

Alitoka Mombasa, aliletwa kutengeneza programu ya kumbukumbu za mradi. Kijana mwembamba, miwani, kofia ya kufuma siku za Ijumaa. Kiswahili kwake kilikuwa cha kunyonya. Alikisema kama mtu anayemimina maji kutoka mtungi mmoja hadi mwingine bila kumwaga tone. Sisi tuliokijifunza shuleni kwa fimbo tulikuwa tunanyamaza kidogo akiwepo.

Wiki ya kwanza alikaa kwenye kona, akawatazama wahudumu wakisimama na kuningoja. Mwishowe akaniuliza, "Dada Sahara, mtu amewashika mbuzi hawa kwa mikono yake, amewachanja mwenyewe. Kwa nini amwombe mwingine amwulizie habari zao?"

Nikamwambia ndivyo mashine ilivyo.

"Mashine haiko hivyo," akasema. "Ni watu walioifanya hivyo."

Akaanza kuandika Tamka.

Tamka ilikuwa lugha ndogo iliyokaa juu ya ile kubwa, kama mkalimani. Athman aliiunda kwa Pascal, lugha ya programu ya siku zile, usiulize zaidi, ila ukikaa mbele ya skrini hukuona Pascal, uliona nafasi tupu inayongoja usemi wako. Uliandika VUTA MBUZI WOTE WA MODOGASHE, na majina ya makundi yakatoka kule yalikohifadhiwa yakapanda kwenye skrini. Uliandika HESABU WALIOCHANJWA, ikahesabu. Uliandika KAMA KISIMA KIMEKAUKA, ONYESHA MAKUNDI YALIYO KARIBU, ikaonyesha. Ukimaliza na kundi lililohama au kuuzwa lote, uliandika FUTA, likaondoka.

Siku ya kwanza ilipofanya kazi mbele yangu, nilijifuta machozi na kusema ni vumbi. Sijui kama kizazi hiki kinaweza kuelewa. Nilikuwa nimesoma kompyuta muda wote huo nikiamini kwamba mashine ile ni ya watu wengine, kwamba sisi tunaazimwa tu. Na sasa imeniandikia TAYARI. Neno langu. Neno ambalo mama yangu husema chakula kikiiva.

Lakini Tamka ilikuwa na tabia ya bwana wake.

Athman aliipa kila jina ngeli yake. Nusu nzima ya programu ilikuwa jedwali la ngeli: mbuzi wote, visima vyote, dawa zote, magonjwa yote. Ukikosea, ilikujibu SIJAELEWA. Na sisi watu wa huku, Mungu atusamehe, kwetu karibu kila kitu ni "yote". Mbuzi yote, kisima yote, watu yote. Wahudumu walikaa, wakaandika, wakajibiwa SIJAELEWA, wakainuka na kurudi kusimama mbele ya meza yangu.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, maana nilimheshimu.

"Kiswahili bila ngeli ni nini, dada?" akaniuliza. "Ni nyama bila mfupa. Haisimami. Nikiiachia mashine ikubali 'mbuzi yote', kesho watoto watasema kompyuta yenyewe imesema hivyo."

Nilikumbuka mwalimu wetu wa darasa la sita, aliyetoka mbali, aliyenisimamisha mbele ya darasa niseme "papai" mpaka nilie, kwa sababu nilikuwa nasema "babai". Sisi Wasomali hatuna p wala v katika lugha yetu. Ulimi unazitafuta, haupati, unachukua jirani yake: b, na f. Mimi nilijifunza kuzisema. Lakini nikichoka, au nikiwa na furaha, au nikiwa nyumbani, zinapotea.

Mtu wa pekee aliyeng'ang'ana na Tamka alikuwa adeer Dubow.

Adeer kwetu ni baba mdogo, na unamwita hivyo mwanamume yeyote wa rika la baba yako. Naye, kama ilivyo desturi, hukuita wewe pia adeer. Dubow alitoka Modogashe, pale barabara ya Isiolo inapokutana na ya kwetu na malori yanalala. Alikuwa mhudumu wa mifugo tangu enzi za serikali kugawa dawa zilizobebwa na punda. Ndevu alizipaka hina. Alikuwa mtu wa kuheshimika, asiyependa kuomba, na nadhani ndiyo maana Tamka ilimvuta. Hakutaka kusimama mbele ya meza ya msichana wa umri wa binti zake.

Alijifunza kila neno kwa sikio, Athman akisema naye akirudia. Aliandika kwa kidole kimoja. Ikamkatalia "yote", akaenda, akarudi, akaandika WOTE, ikakubali, akaniangalia chini ya kofia.

"Adeer," akasema, "leo imenisikia."

Kwa majuma kadhaa alikuwa akija baada ya sala ya adhuhuri na kuuliza mambo yake mwenyewe, zaidi kwa HESABU na ONYESHA. Nilimwona akibadilika. Alikaa kwenye kiti wima, kama dereva.

Sasa nafika pale ambapo sipendi kufika.

Siku hiyo meneja alitaka habari za Modogashe. Homa ya mapafu ilikuwa imeonekana upande wa Eldas na ilikuwa inashuka kuja kwetu, na dawa iliyobaki haikutosha kila mahali. Ilibidi kujua makundi gani hayajachanjwa ili dawa iende huko kwanza. Meneja alisimama nyuma yetu na wageni wawili kutoka makao makuu. Athman, kwa fahari, akasema si lazima Sahara aulize, mwenye mbuzi atauliza mwenyewe. Akamkalisha Dubow.

Dubow akaandika, polepole, herufi kwa herufi, mbele ya watu wote:

FUTA MBUZI WOTE WA MODOGASHE.

Akapiga kitufe.

TAYARI, ikasema mashine.

Skrini ikawa tupu. Dubow akangoja majina yapande. Akaendelea kungoja. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimeona, na mkono wangu uliinuka kumzuia ukiwa umechelewa.

Ile mashine iliyomkatalia "yote" kwa wiki nzima ilimkubalia "futa" kwa mara moja.

Athman alipolitambua kosa akakimbilia diskette za akiba. Diskette ilikuwa imeliwa na vumbi, haikusomeka. Karatasi za awali zilikuwa zimeshapelekwa Nairobi na hakuna aliyejua ziko stoo gani. Kazi ya msimu mzima ya malishoni ilikuwa imekwenda, na homa iko njiani.

Meneja hakupaza sauti. Alikuwa mtu mpole, alitoka kule tulikokuita "Kenya" kana kwamba sisi ni nchi nyingine. Aliwatoa wageni nje, akarudi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu asiyeweza kutofautisha vuta na futa hakupaswa kugusa kompyuta. Kisha akamwambia Dubow aende nyumbani mpaka aitwe. Sote tulijua maana yake.

Dubow akasimama. Akaniuliza kwa Kisomali, "Nimefanya nini?"

Bado hakuwa ameelewa. Kwa masikio yake alikuwa ameandika sawasawa.

Nilimweleza. Akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka. Hakuaga, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu kama yeye.

Athman alibaki akishika kichwa. Nilitegemea atasema kitu cha huruma. Alichosema ni hiki: "Lakini nimeandika wazi, dada. Moja ni V, nyingine ni F. Hata kwa sura hazifanani. Anawezaje?"

Hapo nikakasirika. Nilikuwa msichana mtulivu, sikuwahi kumkasirikia mtu wa ofisini. Nikavuta kiti, nikamwambia ageuke atazame ukuta. Nikamwambia nitasema maneno, naye aandike anachosikia. Nikayasema kama ninavyoyasema nyumbani, bila kujikaza, bila mwalimu wa darasa la sita. Vuta. Futa. Futa. Vuta. Fua nguo. Vua samaki. Panda. Banda.

Akaandika. Akageuka, akanipa karatasi. Mistari yote ilikuwa F na B. Kwenye karatasi yake mimi sikuwa nimevua samaki hata mmoja.

"Yapi uliyosema kwa V?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Akaisoma tena karatasi, mstari kwa mstari. Feni ilizunguka juu yetu, kisha umeme ukakatika na ikasimama. Mwishowe akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Niliyachagua kwa sababu yanapendeza," akasema. "Vuta, futa. Yana vina. Niliona kama shairi."

Akaondoka moja kwa moja kwenda kwa meneja. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia. Alisema kosa ni la aliyechagua maneno, si la aliyeyaandika. Alisema ukimjengea mtu nyumba yenye milango miwili inayofanana, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutumbukia kisimani, akitumbukia humwiti kipofu. Akasema, kama lazima mtu aondoke, yeye tayari amekwisha fungasha.

Meneja akamuuliza mbuzi wa Modogashe watapatikana wapi.

"Modogashe," akasema Athman. "Tuliowachanja tuliwakata alama sikioni. Tutakwenda kuwatazama upya."

Meneja alifikiri. Kisha akasema twende, na Dubow awe kiongozi, na tukirudi mikono mitupu ataandika barua mbili za kuachishwa kazi badala ya moja.

Jioni ile Athman aliniomba nimpeleke nyumbani kwa Dubow. Tulimkuta uani, amekaa juu ya mkeka, mkewe akikaanga anjera, chapati zetu za maji, ndani. Athman hakukaa. Akasema, amesimama vile vile na kofia mkononi, "Baba, nimekuja kukuomba radhi. Nilikupa maneno mabaya."

Dubow alimtazama. "Maneno ni ya Kiswahili," akasema. "Mimi Kiswahili yangu ni kidogo."

"Hapana," akasema Athman. "Yangu ndiyo ndogo. Haikukufikia."

Ni mara pekee niliyowahi kumsikia Athman akikosea ngeli, na mpaka leo sijui kama alikusudia.

Dubow akamwita mkewe alete chai.

Tulikwenda Modogashe na Landrover ya mradi. Nilikwenda kama mwandishi, na nililala kwa eeddo yangu, shangazi, anayeishi karibu na kituo cha malori. Kulikuwa na joto la kuchoma na barabara ilikuwa mchanga mtupu. Kutwa tulizunguka kutoka kundi hadi kundi. Dubow akisalimiana na wenyewe kwa salamu ndefu za kiungwana, hali za watu, hali za mvua, hali za ngamia, na Athman akishika mbuzi mmoja mmoja na kutazama sikio. Alikuwa hajui kushika mbuzi. Walimkokota. Watoto walifurahi sana, na baada ya siku mbili hata wazee waliacha kuficha vicheko.

Jioni tulikaa nje ya nyumba ya eeddo na kuzungumza juu ya maneno.

Hii ndiyo sehemu ninayoitamani kurudia. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na umeme. Athman alikuwa anasema neno la Tamka, Dubow analirudia, mimi ninaandika jinsi lilivyotoka. Neno likisikika sawa na jingine, tunalitupa na kutafuta badala yake. VUTA likatupwa, likaingia LETA. FUTA likatupwa, likaingia ONDOA. PANDA, neno la kurudi ukurasa wa juu, liligongana na BANDA, na mabanda ya kuhifadhia dawa tulikuwa nayo kila mahali, basi nalo likaenda.

"Na ukiandika kwa B neno la P?" Dubow akauliza.

"Itakubali," akasema Athman. "Kwa Tamka, kuanzia leo, P na B ni ndugu. Na V na F."

"Na 'yote'?"

Athman akavuta pumzi. Niliona ilivyomwuma. Kisha akachukua kijiti, akaandika mchangani: wote, vyote, zote, yote, chote. Akafuta vichwa vya maneno kwa kidole, kimoja kimoja, ikabaki mikia tu, inayofanana. Ote, ote, ote.

"Mashine itasoma mkia," akasema. "Kichwa kila mtu atakuja nacho kutoka kwao."

Dubow alitazama mchanga, akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akatabasamu, nadhani mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sasa mimi nijaribu wewe," akamwambia. "Sikiliza. Bad. Baad. Nimesema kitu ngapi?"

"Kimoja. Umekisema mara mbili."

"Bili," Dubow akasema, yaani mbili, na eeddo yangu akaanza kucheka huko ndani. "Ya kwanza ni bahari. Hiyo ni kwenu. Ya bili ni malisho. Hiyo ni kwetu. Wewe ukiandika Kisomali, utapeleka mbuzi yangu ndani ya maji."

Athman alicheka mpaka akalala chali juu ya mkeka. Akajaribu kuyasema. Alisema bahari mara zote. Walikaa hivyo muda mrefu, mzee mwenye ndevu za hina akimfundisha kijana wa Mombasa kurefusha sauti moja, na kila akishindwa walicheka tena.

Jambo moja tu walibishana. Athman alitaka mashine iulize kabla ya kuondoa chochote, na Dubow akapendekeza iulize "Wallahi?" na mtu aape ndipo iondoe. Athman akasema hawezi kumwapisha mtu mbele ya kompyuta, ni dhambi. Tukakubaliana iulize "Kweli?"

Tulirudi Garissa na makundi karibu yote, na yale tuliyokosa tulijua yamehamia wapi. Dawa ilikwenda kule ilikotakiwa. Wapo mbuzi waliokufa upande wa kaskazini, siwezi kusema tuliwaokoa wote, lakini Modogashe ilipita salama. Meneja hakuandika barua yoyote. Alikuja siku moja, akasimama nyuma ya Dubow akiwa kwenye mashine, akatazama, akaenda zake. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ni kuomba radhi.

Dubow aliandika LETA MBUSI YOTE YA MODOGASHE. Z nayo ilikuwa imemponyoka.

Athman, aliyekuwa amekaa kando ya ukuta, alinyanyuka nusu. Hatukuwa tumefikiria S na Z. Lakini mashine ilikawia kidogo tu, ikaandika: UMEKUSUDIA MBUZI? Dubow akaandika NDIYO. Majina yakapanda, moja baada ya jingine, ya kijani, mpaka yakajaza skrini.

Athman alikuwa ameongeza kipengele hicho bila kutuambia, ikiwa neno halijulikani, ijaribu lililo karibu nalo na iulize. Nilipomwuliza kwa nini, akasema ndivyo mtu muungwana anavyofanya asiposikia vizuri. Hasemi hajaelewa. Anauliza.

Baada ya hapo wahudumu wengine wakaja. Wakaacha kusimama mbele ya meza yangu. Nilibaki na muda mwingi mikononi, nikautumia kujifunza Pascal kwa Athman, na kila nilichonacho leo, darasa, wasichana, maisha haya, kilianzia kwenye muda huo.

Kisha mvua za Elnino zikaja, mto Tana ukafurika, mradi ukafa kama miradi inavyokufa. Mashine ikabebwa Nairobi. Athman akarudi pwani, akaoa, akaenda kufanya kazi Uarabuni, na miaka ilivyopita tukapoteana. Tamka ilikuwa ndani ya mashine ile. Nakala niliyokuwa nayo iko kwenye diskette ambayo hakuna kompyuta mjini inayoweza kuimeza.

Sikuhuzunika wakati ule. Nilikuwa kijana, nilidhani vitu vya namna hiyo vitakuja vingi.

Adeer Dubow alifariki miaka michache iliyopita, Mungu amrehemu. Nilikwenda mazikoni. Watu wengi walisema mema yake: mifugo aliyoiponya, ukoo aliousuluhisha, sala za alfajiri ambazo hakukosa hata akiwa safarini. Yote kweli. Nilikaa upande wa wanawake nikisikiliza sauti kutoka upande wa pili, nikingoja mtu aseme kwamba marehemu alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunga lugha ya kompyuta. Hakuna aliyesema. Hakuna aliyejua. Nadhani hakuwahi kuisimulia nyumbani, kwa sababu ya ile siku ya aibu iliyotangulia.

Nami nilinyamaza. Niliona si mahali pake.

Binti yake Fardosa ana duka la dawa za mifugo, mtaa wa pili kutoka hapa. Tunasalimiana karibu kila siku. Nanunua kwake dawa ya kupe ya mbuzi wangu, tunaulizana habari za nyumbani, naondoka.

Adhana ya magharibi imeanza na upepo umetulia. Nitasali. Kesho akifungua duka nitakuwa mlangoni, na nitamwambia aweke birika, maana baba yake ana hadithi ambayo hajaisikia. Sijui tu nianzie kwenye aibu, au nianzie mchangani, kule Modogashe, kwenye kicheko.